Nani Anafagia Jumatatu? Kuisoma The Great Gatsby kwa Nadharia ya Karnivali

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi mliokimbilia humu kwa sababu ya mvua: karibuni nyote. Wa mvua nawapenda zaidi, maana hawana mtihani.

Nianze na machungwa. Katika sura ya 3 ya The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald iliyotoka Aprili 1925, kila Ijumaa kreti tano za machungwa na malimau zinaletwa kutoka kwa muuza matunda wa New York. Kila Jumatatu matunda yale yale yanatokea mlango wa nyuma, nusu nusu, hayana nyama, yamerundikwa kama piramidi. Jikoni kuna mashine inayokamua machungwa 200 kwa nusu saa, ilimradi mtumishi abonyeze kitufe kidogo mara 200 kwa dole gumba lake. Jina la mtumishi huyo hatuambiwi. Tunaonyeshwa dole gumba tu, basi. Naomba mlihifadhi, tutalihitaji baadaye.

Kwa ambao hawajaisoma, kisa chenyewe ni hiki. Nick Carraway, kijana wa Magharibi ya Kati ya Marekani, anapanga kijumba huko West Egg, kisiwani Long Island, kiangazi cha 1922. Jirani yake ana kasri: huyo ndiye Jay Gatsby, tajiri ambaye hakuna ajuaye kwa hakika fedha zake zimetoka wapi. Ng'ambo ya ghuba, East Egg, anakaa Daisy, ambaye Gatsby alipendana naye kabla ya kwenda vitani. Sasa ni mke wa Tom Buchanan, mwenye mali ya kurithi. Gatsby anafanya sherehe juu ya sherehe, akitumaini kwamba usiku mmoja Daisy atajikuta ameingia. Mengine someni wenyewe, ni kitabu chembamba. Ukipanda basi Dar, Dodoma unafika umekimaliza.

Sasa Mrusi wetu, mwenye hiyo nadharia ya karnivali. Mikhail Bakhtin alizaliwa 1895, akafariki 1975. Katikati hapo alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Kazakhstan, na mwaka 1938 akakatwa mguu. Aliandika tasnifu kuhusu Rabelais, mwandishi Mfaransa wa karne ya 16, akaitetea Moscow mwaka 1946, na kitabu kikatoka 1965. Miaka 19. Wanafunzi wa uzamili mnaonilalamikia kuwa nachelewa kurudisha sura zenu, nadhani mmesikia.

Bakhtin alisema nini? Alisema kwamba watu wa Ulaya ya zamani waliishi maisha mawili. Moja la kanisa, mfalme na kodi, la kunyamaza na kuinamisha kichwa. La pili la sikukuu, ambalo yeye analiita karnivali, na katika miji mikubwa, ukizijumlisha, sikukuu hizo zilifika miezi mitatu kwa mwaka. Siku hizo cheo kinavuliwa kama koti. Mtumishi anamtania bwana wake. Mpuuzi wa mtaani anatawazwa mfalme, anavishwa taji la bandia, halafu anavuliwa na kuchapwa. Tumbo, kinywa na makalio vinachukua nafasi ya kichwa. Tusi la sokoni linakuwa neno la mapenzi, linatukana na kusifu kwa pumzi moja. Kicheko chenyewe kinamlamba kila mtu, pamoja na anayecheka. Halafu kuna sharti moja ambalo kwangu ndilo kiini cha yote: karnivali haina jukwaa. Hakuna taa za mbele zinazowatenga wachezaji na watazamaji. Watu hawaendi kuiangalia. Wanaishi ndani yake mpaka iishe.

Hapa ukumbini naona watu wanatikisa vichwa kama waliosikia habari ya kwao, na sishangai. Aliyewahi kumwona mtani msibani anaijua nusu ya nadharia hii bila kuisoma. Mmelia mpaka sauti zimekauka. Mtani anaingia, kavaa kofia ya marehemu, anaiga mwendo wake, anauliza kwa sauti kubwa huyu bahili amekufa lini na elfu tano yangu nani atalipa. Mfiwa anacheka na chozi bado liko shavuni. Hakuna anayemfukuza. Ni haki yake, tena ni kazi yake, kwa sababu mara nyingi huyo huyo mtani ndiye atakayeshika jembe kuchimba kaburi. Na waliokwenda Makunduchi mwezi wa Julai kwenye Mwaka Kogwa wamewaona wanaume wakichapana kwa magomba huku wanawake waliojipamba wakipita wakiimba. Mgeni mwenye kamera amesimama pembeni, anatazama. Waliomo uwanjani hawatazami kitu. Tofauti hiyo kati ya anayechapwa gomba na anayelipiga picha ndiyo ninayotaka kwenda nayo West Egg.

Kila mwaka napokea insha zinazosema kwamba sherehe za Gatsby ni karnivali. Nazipa alama, maana ushahidi upo. Watu hawakaribishwi, wanajiendea tu. Rolls-Royce yake inageuka basi la kubebea wageni. Mezani kuna saladi zenye mabaka kama vazi la yule chale wa michezo ya Kiitalia, na vinguruwe vya unga uliookwa. Fitzgerald hakuvichagua kwa bahati mbaya, hizo ni alama za gulio la Ulaya ya zamani. Pombe imepigwa marufuku nchi nzima tangu Januari 1920, na hapa inamwagika kama maji. Mwenye jina kubwa na asiye na jina wanagusana mabega. Ukisoma haraka, unasema ndiyo hii.

Nami nasema someni polepole. Nick mwenyewe anatupa neno: wageni, anasema, waliishi kwa kanuni za viwanja vya burudani. Hakusema za gulio wala za sikukuu. Kiwanja cha burudani kina mwenyewe, kina uzio, kina mtu anayehesabu fedha usiku, na furaha yake inaletwa kwa lori kama zilivyoletwa zile kreti. Walau kila wiki mbili mafundi wanashuka na mamia ya futi za maturubai na taa za rangi za kutosha kuigeuza bustani yote mti wa Krismasi. Taa, ndugu zangu. Bakhtin alisema hakuna taa za jukwaani, na hapa kazi ya kwanza kabisa ni kufunga taa.

Halafu mtazameni mwenye sherehe. Katikati ya kelele yote ile Gatsby amesimama peke yake juu ya ngazi za marumaru, anaangalia kundi moja baada ya jingine. Hanywi. Kadiri wageni wanavyolegea, yeye anazidi kunyooka. Hakuna msichana anayelaza kichwa begani mwake. Mtu anayeandaa karnivali halafu akasimama ngazini kuitazama amejenga ukumbi wa maonyesho, awe anajua au hajui. Kumbe mtazamaji anayemsubiri ni mmoja tu, na usiku huo hayupo.

Nao kicheko? Kipo, ila kinaelekea upande mmoja. Wanakunywa shampeni yake wakinong'ona kwamba aliwahi kuua mtu, kwamba alikuwa jasusi wa Wajerumani, kwamba ni mpwa wa Kaiser Wilhelm. Hakuna anayemwambia usoni. Mtani angemwambia usoni! Angesimama chini ya zile ngazi na kusema, we muuaji, ongeza barafu, na Gatsby angecheka, na pengine riwaya ingeishia hapo kwa heri. Mzaha unaosemwa nyuma ya mgongo tunauita umbeya, na umbeya haujawahi kumvua mtu cheo wala kumpa.

Kuna mwanamke mmoja ningependa mmwone kwa karibu. Usiku umekwenda sana, na huyu dada mrefu mwenye nywele nyekundu anaimba pembeni ya piano. Amekunywa mno. Katikati ya wimbo ameamua kwamba dunia yote ni huzuni, basi analia, na panapokosekana neno anapaziba kwa kwikwi. Machozi yanakutana na wanja mzito wa kope, yanakuwa meusi kama wino, yanateremka mashavuni vijito vijito. Mtu anatoa mzaha: mwambieni aimbe noti zilizoandikwa usoni mwake. Dada anatupa mikono juu, anazama kitini, usingizi wa pombe unamchukua. Bakhtin angeupenda uso huo, uso unaomwagika usioweza kujizuia. Kwa Rabelais, mwili wa namna hii ungeambukiza: jirani angelia, mwingine angetapika, mwishowe wote wangekuwa mwili mmoja mkubwa unaocheka. Kwa Gatsby anaachwa alale. Mzaha umeshatumika, watu wanahamia kwenye kitu kingine.

Na ikifika Jumatatu, watumishi wanane, pamoja na mtunza bustani wa nyongeza, wanashinda kutwa na matambara, mabrashi, nyundo na makasi ya majani wakitengeneza kilichoharibiwa. Kwa Bakhtin, mtumishi ndiye mwenye karnivali; siku ile ni yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Hapa mtumishi ndiye mtu pekee ambaye sherehe haimgusi, isipokuwa kama uchafu. Ukitaka kujua kama sherehe fulani ni karnivali, usiwatazame wanaocheza. Uliza nani anafagia, na usiku wa jana alikuwa wapi.

Wapo watakaoniambia, mwalimu, sheria angalau imevunjwa, pombe ni marufuku na inanyweka. Kweli. Lakini kumbukeni safari ya Nick na Gatsby kwenda mjini. Polisi wa pikipiki anawafukuzia, Gatsby anampungia kadi nyeupe, na polisi anaomba radhi. Gatsby aliwahi kumfanyia fadhila mkuu wa polisi, na kila mwaka mkuu huyo humtumia kadi ya Krismasi. Karnivali huisimamisha sheria kwa wote kwa siku chache. Hii kadi inaisimamisha kwa mtu mmoja mwaka mzima. Kiswahili kina neno fupi tu la jambo hilo, nanyi mnalijua.

Dakika chache baada ya kadi hiyo wanavuka daraja la Queensboro, na gari la kifahari linawapita: dereva ni Mzungu, abiria ni Weusi watatu, wanaume wawili na msichana, wamevaa kwa fahari. Nick anacheka kwa sauti na kuwaza kwamba baada ya daraja hili lolote laweza kutokea. Hapo ndipo naye anapotuonyesha mipaka yake. Anadhani ameona dunia iliyopinduliwa, yaani kichekesho. Wale abiria hawako kwenye kichekesho chochote, wako kwenye gari lao wanakwenda zao. Na muziki unaopigwa bustanini kwa Gatsby, ule wa jazi, umetoka kwa watu wao, wakati kwenye nyasi zake hatuonyeshwi mgeni Mweusi hata mmoja. Tusimsamehe Nick upesi mno kwa sababu tu anaandika vizuri.

Sasa niseme mahali ambapo mimi naiona karnivali yenyewe, maana ipo. Iko nje ya geti, kwenye mtaro.

Sherehe ya kwanza imekwisha. Gari jipya limegonga ukuta dakika mbili tu baada ya kutoka, gurudumu moja limeng'oka kabisa. Anatoka mtu mnene mwenye miwani mikubwa, ambaye tulimwacha maktaba akistaajabu kwamba vitabu vya Gatsby ni vya kweli, ila kurasa zake hazijakatwa. Fitzgerald anamwita Macho ya Bundi. Wanamlaumu, yeye anasema hajui lolote kuhusu magari, tena hakuwa anaendesha. Ndipo mlango unafunguka na dereva halisi anateremka taratibu, mlevi chakari, anauliza kama wameishiwa petroli. Vidole sita vinamwonyesha gurudumu lililokatika. Analitazama, anatazama juu kana kwamba limeanguka kutoka mbinguni, halafu anashauri warudishe gari nyuma. Wanamwambia gurudumu limetoka. Anasema, si vibaya kujaribu.

Pale hakuna taa za rangi wala okestra. Mwenye nyumba hayupo, na honi zinalia. Watu wamezungukana usiku na wote ni wajinga kwa pamoja, na kicheko kinabeba kifo tumboni, kwa sababu kabla kitabu hakijaisha gari jingine litamuua mtu barabarani. Kifo kinafanyiwa mazoezi kwa mzaha. Hilo ndilo Bakhtin alilokuwa akilitafuta kwa Rabelais miaka yote ile.

Kwa nini basi Gatsby mwenyewe haponi? Kwa sababu ametawazwa. Fitzgerald alitaka kukiita kitabu chake Trimalchio in West Egg, na ni mkewe Zelda na mhariri wake Maxwell Perkins waliopenda jina tulilonalo. Trimalchio ni mtumwa aliyeachwa huru akatajirika, katika Satyricon ya Petronius, kazi ya Kirumi ya karne ya kwanza ambayo Bakhtin naye aliiweka kwenye ukoo wa fasihi ya karnivali. Mwisho wa karamu Trimalchio, kalewa, anawaambia wageni wajifanye wamekuja kwenye mazishi yake. Matarumbeta yanapigwa kwa nguvu kiasi kwamba zimamoto wa mtaa wanadhani nyumba inaungua, wanavunja mlango na kuingia na maji na mashoka. Huyo alizikwa mara moja kwa mzaha, nyumba imejaa watu. Msisahau umati huo.

Kuvuliwa taji kwa Gatsby kunafanyika hotelini Plaza, New York, siku ya joto kali. Chumbani Tom anamwita mtu asiye na jina kutoka pasipojulikana, kisha anaanika biashara yake ya kuuza pombe kwenye maduka ya dawa. Na kutoka ukumbi wa chini wakati huo huo unapanda muziki wa harusi wa Mendelssohn. Mtu anavuliwa ndoa na ufalme juu, chini wengine wanafungishwa ndoa. Ni tukio la karnivali kwa kila kipimo, pungufu ya kitu kimoja: hakuna anayecheka. Anayemvua ni mwenye mali ya kurithi, na anamvua ili kila kitu kirudi kilipokuwa. Kwa Bakhtin mfalme wa bandia huchapwa na wenzake wa mtaani. Gatsby anachapwa na mfalme wa kweli.

Dole gumba letu je? Lilishafukuzwa. Daisy alipoanza kuja mchana, Gatsby aliwaachisha kazi watumishi wake ili umbeya usitoke, akaleta watu wa mshirika wake Wolfshiem. Taa zikazimwa Jumamosi moja, na Nick anaandika kwamba kazi yake ya u-Trimalchio ikawa imekwisha. Wa zamani aliyebaki ni mmoja, mtunza bustani. Huyu ndiye anayefika chini ya ngazi asubuhi ya mwisho na kumwambia, nataka kutoa maji kwenye bwawa leo, majani karibu yataanza kuanguka. Yaani msimu umekwisha, mfalme wa kiangazi. Gatsby anamwambia, leo usitoe. Kiangazi kizima hajaliogelea bwawa lile. Anaingia, na anapigwa risasi humo.

Mazishini kunanyesha. Yuko Nick, baba wa marehemu, mchungaji, watumishi wanne watano na tarishi wa West Egg. Klipspringer, aliyekula na kulala kwa Gatsby miezi, alipiga simu, lakini kuulizia viatu vyake vya tenisi. Mamia wale hawapo. Halafu nyuma, kwenye matope, inasikika miguu ya mtu. Ni Macho ya Bundi. Kwetu bundi akitua juu ya paa tunajua nini kinafuata; Fitzgerald hakuwa na habari na bundi wetu, lakini mniruhusu nifurahie. Anavua miwani, anaifuta nje na ndani, na kumtamkia marehemu neno moja tu, tusi. Nimejaribu kulitafsiri mara nyingi. Leo natoa hili: "Maskini mwanaharamu wa watu."

Hilo "wa watu" nimeliongeza mimi, na nitalitetea, kwa sababu Kiswahili ndicho kinachoonyesha kilichomo: tusi na huruma kwa pumzi moja. Kitabu kizima watu wamemsema Gatsby nyuma ya mgongo, na hapa, amekwisha lala chini, anapatikana mtu mmoja wa kumtukana ana kwa ana. Alichelewa, lakini mtani wake alikuja.

Nina ungamo. Nakala yangu ya kwanza ya kitabu hiki, niliyoazima nikiwa mwanafunzi, ilikuwa imekatika kurasa za mwisho. Kwa miaka kadhaa niliamini kuwa hadithi inaishia pale makaburini, na nadharia yangu ya mtani ilikaa vizuri sana. Nilipopata nakala kamili nilikuta ukurasa ambao wengi wanauruka wakikimbilia ile sentensi maarufu ya mwisho, ya mashua na mkondo.

Usiku wa mwisho kabla ya kuondoka, Nick anakwenda kuitazama nyumba tupu. Kwenye zile ngazi nyeupe alizokuwa akisimama Gatsby, mtoto fulani ameandika tusi kwa kipande cha tofali. Linaonekana wazi kwenye mbalamwezi. Ni neno gani, hatuambiwi. Hatimaye sokoni wamefika hadi ngazini, hawakukaribishwa, na wameandika walichotaka.

Nick analifuta. Anaburuza soli ya kiatu juu ya jiwe, linakwaruza, mpaka neno linatoka.